TAHADHARI: Gadi za friza zinazouzwa hapa Amu (Lamu), ndani ni tupu

Ndugu zangu wa Amu na Shela, na nyinyi mlioko Pate na Faza: kuna mtu anazunguka na mkoba akiuza ekstensheni na gadi, vile visanduku vya kukinga friji na friza stima inapochezacheza. Mimi alinikuta Mkunguni, karibu na jeti. Baadaye nikasikia ameonekana Langoni. Kama mmenunua kwake, chomoeni leo kabla hamjalala.

Mimi ni muuza samaki, na friza ndiyo duka langu. Tangu tuungwe na gridi ya taifa kwa ile laini inayotoka Rabai kupitia Malindi na Garsen, hali ni afadhali kuliko enzi za jenereta za dizeli. Lakini stima bado inakatika, na ikirudi taa huwaka kama jua, zikafifia, zikawaka tena. Kwa hiyo mtu akikuonyesha kisanduku chenye taa ya kijani, akakwambia kinazuia stima ikipanda, kinazuia radi, tena kinapunguza tokeni nusu nzima, utamsikiliza. Mimi nilimsikiliza. Alianzia shilingi 2,500, tukaachana kwa 1,800. Nilipotaka risiti, akasema kitabu kimebaki Mombasa. Pesa akataka nimtumie kwa M-Pesa kwenye namba yenye jina ambalo si lake. Hapo ndipo nilipopaswa kusimama.

Siku ya tisa, baada ya magharibi, stima ikaondoka, ikarudi, ikaondoka tena, ikarudi. Ile taa ya kijani kila ikirudi stima inawaka papo hapo, nami nikalala nikijua niko salama. Asubuhi friza iko kimya, maji yametapakaa sakafuni. Nguru na changu zaidi ya kilo 40. Zilizokuwa bado na uzima niligawia majirani, zilizobaki tulizifukia. Kompresa, yaani injini ya friza, ilikuwa imeungua, na kuibadilisha pamoja na gesi ikanila shilingi 14,500.

Fundi aliifungua ile gadi mbele yangu. "Mzee, hebu tazama mwenyewe," akaniambia. Ndani mlikuwa na kitaa kidogo, rezista moja ya kukilinda hicho kitaa kisiungue, na donge la saruji lililobandikwa kwa gundi ili kisanduku kiwe kizito mkononi. Waya umepita moja kwa moja kutoka plagi hadi soketi. Kwa maneno mengine, friza yangu ilikuwa imechomekwa ukutani kama siku zote, ila sasa na taa ya kunidanganya.

Fundi akafungua ya kwake ya kweli nione tofauti. Kinachopambana na stima iliyopanda ghafla ni kidude bapa cha mviringo, kama sarafu, mara nyingi cha buluu, chenye namba kama 471. Kinaitwa varista. Stima ikiwa kwenye volti 240 zake za kawaida, varista hukaa kama haipo. Ikiruka juu kwa ghafla, hufunguka kwa muda mdogo kuliko kupepesa jicho na kuimeza ile ziada, au kuipeleka kwenye waya wa ardhini. Nayo huchoka: kila pigo kubwa linaipunguzia uhai. Kwa hiyo hata ya kweli si ya milele, na nyumba isiyo na waya wa ardhini, kama nyingi za zamani hapa mjini, hailindwi sawasawa.

Gadi ya friza ina kazi ya pili, na hii ndiyo muhimu kwetu. Stima ikirudi, haiiruhusu friza iwake hapo hapo. Inasubiri, kwa kawaida dakika kadhaa, kwa sababu gesi ndani ya kompresa bado imebanana upande mmoja. Ikilazimishwa kuanza katika hali hiyo, injini inavuta stima nyingi kupita kiasi na nyaya zake zinaungua. Basi jaribu hivi ukiwa bado dukani: chomeka gadi na kitu chochote juu yake, ichomoe, ichomeke tena. Kikiwaka papo hapo, rudisha.

Na ekstensheni zake? Nilichukua sumaku nikaisogeza kwenye meno ya plagi, ikanasa. Shaba haishiki sumaku, kwa hiyo lile ni bati lililopakwa rangi ya shaba, na kwa hewa hii ya chumvi litaliwa na kutu upesi. Fundi alipokwangua waya, ndani ukawa mweupe na mwembamba kama uzi wa mshipi. Lebo inasema ampea 13, yaani kama wati 3,100. Weka birika na pasi hapo uone inavyoyeyuka. Mnajua vichochoro vyetu, gari la zima moto halipiti, na juu kuna makuti. Hili linanitia hofu kuliko samaki wangu.

Ile habari ya kupunguza tokeni ni uongo mtupu. Mita ya nyumbani inahesabu stima uliyotumia, na hakuna kisanduku cha kuchomeka ukutani kinachoibadilisha hesabu hiyo.

Tazameni alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, lakini msiishie kuitazama, maana stika inachapishwa popote. Tuma SM# ikifuatwa na namba iliyo kwenye stika kwenda 20023, ulinganishe jibu na bidhaa iliyo mkononi mwako. Ya kwangu haikuwa hata na namba.

Nilimpigia muuzaji siku ileile. Alipokea, akasikia sauti yangu, akakata. Sasa hapatikani kabisa. Nimeanza kukusanya gadi na ekstensheni zake nizipeleke zote pamoja kuripoti, maana malalamiko ya mtu mmoja hayana uzito kama ya watu kumi. Wenye nazo, msizitupe wala msimuuzie mwingine. Nileteeni sokoni asubuhi, kwenye meza za samaki, pamoja na ujumbe wa M-Pesa mliolipia. Jina la aliyepokea pesa ndilo tunalolihitaji.