Fundi wa Soweto aliyeitibu IST yangu ya kuzimazima

Jamani kuna fundi hapa Mbeya, maeneo ya Soweto, hana hata kibao, acha nimuandike maana kanipumzisha. Toyota IST yangu, yenye injini ya 2NZ, ilikuwa inazima yenyewe, tena haizimi ukiwa sailensa (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta) kwenye foleni ya Mafiati, inasubiri uwe mlimani. Siku moja natoka Tukuyu na mikungu yangu miwili ya ndizi, nimekaribia Isyonje, mvua, ukungu, nashtukia mshale wa RPM, ule wa mizunguko ya injini, umelala sifuri na gari bado inatembea, usukani mzito, breki ngumu kama unakanyaga jiwe. Ukipaki nusu saa ukapiga stata inawaka kama haikufanya kitu!

Gereji ya kwanza, sitaji jina, walisema pampu ya mafuta. Laki na ishirini ikaenda, wakaosha na throto (mlango wa hewa ya injini), wiki haijaisha ikazima tena.

Huyu wa Soweto swali lake la kwanza: "Inakohoa kwanza au inakatika ghafla?" Nikamwambia ghafla. Akasema pampu ikichoka mara nyingi gari inakosa nguvu, inakohoakohoa ndo inazima, hii tuanze na umeme. Na akagoma kufungua nati hata moja mpaka izime mbele yake. Basi tukachomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, tukapanda nayo Igawilo tukarudi, tukapanda tena, wese langu hilo, raundi ya pili ikazima. Akapiga stata huku ananionyesha kioo cha ile mashine, injini inazunguka lakini RPM inasoma sifuri, yaani kompyuta haina habari kama injini inazunguka, ndo maana plagi hazitoi cheche wala nozeli hazipulizi mafuta. Akaingiza kitambaa kibichi kule chini karibu na puli, kwenye sensa ya krenki, ndo inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka, ikapoa kidogo, stata, ikawaka. Nikabaki nacheka tu.

Sensa ya mtumba elfu 35, kupima na kufunga elfu 30. Nishaenda Kyela mara tatu tangu hapo, haijazima.

Ubaya wake simu, anaongea weee umesimama tu, benchi lenyewe limevunjika mguu, na risiti usiulize. Jumapili humpati, yuko kwaya. Ukienda fika na gari ikiwa ya moto, la sivyo atakuzungusha Igawilo mpaka ipate moto.