Walizibia mpira wa kabureta ya Honda CG 125 wakaniambia imepona

Naandika nikiwa bado na hasira kwaiyo mnisamehe nikirukaruka. Kama una pikipiki ya zamani ya kabureta na inadondosha petroli, soma hii kabla hujamkabidhi mtu.

Yangu ni Honda CG 125, zile walizokuwa wanapanda mabwana shamba, baba aliinunua kwenye mnada wa serikali alafu ikaja kwangu. Naifungia trei za mayai asubuhi napeleka mjini Morogoro na injini haijawahi kunisumbua. Shida ilianza kipindi cha mvua, petroli ikaanza kutoka kwenye ule mpira mwembamba unaoning'inia chini ya kabureta, tone tone mpaka ikawa inachuruzika. Nikifunga koki bado inapita kidogo maana koki yenyewe imechoka, mpira wake wa ndani umekauka. Na kwetu pikipiki hailali nje kwa sababu ya wezi, inalala koridoni, hatua chache tu kutoka pale mama anapowashia jiko la mkaa. Kwaiyo mtu asiniambie ni kuvuja kidogo, mimi usiku nilikuwa nasikia harufu silali.

Nikaenda gereji moja ya pikipiki inayosifiwa sana huku kwetu. Fundi mkuu hakuinama hata kuangalia. Ananiuliza, "Mama, mwenye pikipiki yuko wapi?" Nikamwambia ni mimi. Akasema, "Hapana, mwambie mzee aje tuongee, wewe mambo ya kabureta tutachelewana tu." Mbele ya vijana wake na mbele ya bodaboda waliokuwa wanasubiri zamu. Nikamwambia kaka, petroli inatoka kwenye mpira wa ovafulo, kwaiyo aidha pini ya flota haifungi au kuna kitu kwenye bakuli, naomba ulifungue tuone wote. (Mpira wa ovafulo ndio ule mwembamba wa chini. Flota ni boya lililo ndani ya bakuli la chini la kabureta, mafuta yakijaa linapanda na kuisukuma pini izibe njia.) Wakacheka. Akasema hiyo kabureta ni ya kutupa, nifungiwe mpya ya Mchina, inaingia bila kubadilisha kitu. Ni kweli inaingia, sibishi, Wachina wameiiga injini ya CG miaka mingi mpaka spea nyingi zinaingiliana. Lakini yangu ni Keihin, kabureta ya Kijapani, iliyokuja na pikipiki kutoka kiwandani, bodi haina ufa, nyuzi hazijaliwa, sasa nitupe kitu kizima kwa ajili ya kipini kidogo kama punje ya mchele?

Mwisho akakubali, nikatoa 15,000 ya pini mpya na ufundi, wakaniambia nikakae nje. Niliporudishiwa, kavu. Hata tone. Nilifurahi jamani, nikawasifia mpaka kwa jirani mwenye Yamaha yake ya zamani inayotapika mafuta vilevile.

Baada ya muda nikaanza kuona pikipiki asubuhi nzito kuwaka, plagi imelowa, ikiwaka inatoa moshi na harufu kali ya petroli. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili imepanda juu ya alama! Oili ya pikipiki hupungua, haiongezeki, ukiona imeongezeka yenyewe ujue kuna petroli imeingia. Nikanusa, petroli kabisa, nikaishika imekuwa nyepesi haina utelezi tena. Nikashika ule mpira wa chini nikaufuata kwa mkono hadi mwisho, nikakuta wamechomeka skrubu wakapaka silikoni juu, wakaukunja wakaufunga na waya nyuma ya fremu ili nisiuone.

Hapo ndipo damu ilinichemka na bado inachemka. Ule mpira umewekwa makusudi ili pini ikishindwa kufunga mafuta yamwagike chini badala ya kupanda na kuingia kwenye injini. Ukiuziba hujatibu kitu, umeyanyima njia tu, na kwa kuwa tanki liko juu yanaendelea kushuka usiku kucha, yanapita kwenye valvu, yanashuka kwenye silinda hadi kwenye oili. Injini inazunguka na oili iliyochanganyika na petroli, vyuma vinasagana. Injini ya baba yangu hiyo!

Na pini mpya hawakuweka. Bakuli hawakulifungua kabisa, vile vichwa vya skrubu vyake vilikuwa bado na tope la zamani lililokauka ndani ya mifereji yake, bisibisi ingeingia vipi pale bila kulitoa? Nilipofungua mwenyewe nikakuta pini ileile ya zamani, ncha yake ya mpira imechimbika duara. Pini nimenunua duka la spea kwa hela ndogo, sio ogino na nilikuwa na wasiwasi nayo, ila mpaka sasa inafunga, kwaiyo hiyo naipa alama nzuri. Labda baadae itanigeuka, sijui, lakini kwa sasa nzuri.

Bado ikawa inavuja kidogo. Nikalitoa bakuli, nikalikausha, nikajaza petroli usawa wa chini kidogo ya mdomo wa kile kimrija cha shaba kinachosimama ndani na kushukia kwenye ule mpira wa ovafulo, nikalishika juu ya gazeti. Doa likatokea. Kimrija kina ufa mwembamba kuliko unywele, unauona ukikigeuza kwenye jua tu. Nikampelekea kijana fundi redio, akakikwangua kikang'aa akalehemu kwa risasi taratibu, akaniuliza, "Dada, unaionaje hapo, niongeze?" Yaani ananiuliza mimi! Bakuli halijadondosha tena. Nikamwaga oili yote, nikaweka mpya nikatembea nayo kidogo, nikaimwaga na hiyo nikaweka nyingine.

Sasa gereji niwape nyota ngapi? Niseme haki, klachi walishawahi kunifungia na ikakaa vizuri sana, vijana wao wana mkono wa kazi, na nilikuwa nishaandika hapa kwamba kwa klachi na breki naweza kuwarudia. Nafuta hiyo sentensi. Mtu anayeweza kukuzibia mpira akakutazama usoni akapokea hela ya spea ambayo hakuifunga, breki zako unampaje?

Nilirudi kwake na ile skrubu mkononi. Sikupiga kelele, nimemuuliza tu kaka, hii ndiyo pini mpya niliyolipia? Akaiangalia, akanijibu, "Si iliacha kuvuja?" Alafu akamgeukia mteja mwingine. Nilimwambia anirudishie hela ya pini, akasema nije na risiti, na risiti pale hawatoi. Nyota moja, na hiyo ni ya klachi. Jirani nilishamwambia asipeleke Yamaha yake kule, tumelifungua bakuli lake wenyewe kwangu, yeye shida yake ni flota imetoboka imejaa mafuta ndani, ukiitikisa unayasikia, na ameshaagiza nyingine.