Kitufe cha Capture katika Ableton Live: Piga Kwanza, Rekodi Baadaye

Ndugu watazamaji, karibuni tena katika uchambuzi wetu wa vifaa na programu za muziki. Leo nazungumzia Ableton Live, programu ya kompyuta ya kutungia na kupigia muziki, ingawa sitawapitisha katika kila dirisha lake, kwa kuwa programu hii iko sokoni tangu mwaka 2001 na wengi wenu mnajua klipu, yaani vipande vifupi vya muziki, na zinavyopangwa katika ukurasa wa Session. Nitashughulika na kitufe kimoja tu, kile kiitwacho Capture, ambacho kililetwa na toleo la 10 mwaka 2018. Kwa maoni yangu ndicho kilichomrahisishia zaidi mpiga kinanda kazi ya kujenga mbele ya hadhira lupu za MIDI, yaani vipande vinavyojirudia vya nota zilizohifadhiwa kama ujumbe wa kidijitali, na bado nawaona wanamuziki wakikipita kana kwamba ni pambo la skrini.

Anayerekodi lupu jukwaani kwa njia iliyozoeleka analazimika kuamua kabla hajapiga. Anabonyeza kurekodi, anasubiri kipimo kipya, yaani kundi jipya la mapigo, kianze, anapiga, kisha anawahi kubonyeza tena kabla lupu haijapitiliza. Katika sekunde hizo mkono unaojua kwamba unarekodiwa hukakamaa, na ule mwendo mtamu aliokuwa akiuchezea muda mfupi uliopita haurudi tena kama ulivyokuwa. Capture inaugeuza utaratibu huo, kwa maana programu inasikiliza wakati wote, na wewe unaamua kuhifadhi baada ya kusikia kwamba ulichopiga kinafaa.

Tazameni skrini. Nimefungua faili tupu, nimeweka sauti ya kinanda cha umeme katika traki ya kwanza, yaani mstari wa ala moja, na nimewasha alama ya kurekodi ya traki hiyo, maana bila kuiwasha, au bila kufungua usikilizaji wa traki, hakuna kitakachohifadhiwa. Metronomu, ule mlio wa kuhesabia mapigo, imezimwa na sijabonyeza kucheza. Sasa napiga, na bila shaka mnasikia kwamba mwanzoni natafutatafuta: nimegusa nota isiyo ya ufunguo huu, nimesita, nimeanza upya, na hapa ndipo nilipoupata mwendo wenyewe, ambao naurudia mara mbili kwa utulivu. Naondoa mikono. Nabonyeza Capture. Klipu imejitokeza, tempo imeandikwa 96, yaani mapigo 96 kwa dakika, na lupu imeanza kuzunguka bila mimi kugusa kitu kingine chochote.

Hebu niikuze klipu hiyo, kwa sababu sehemu ninayoipenda zaidi imejificha humu. Mabano ya lupu yamewekwa kwenye mwendo uliotulia, lakini zile nota za kutafutatafuta hazikutupwa, bali zimebaki upande wa kushoto, nje ya mabano. Nikiyavuta mabano kuelekea kushoto kwa kipimo kimoja, ile nota niliyodhani nimeikosea inaingia katika mzunguko, na sikilizeni inavyoiandaa nota ya kwanza ya lupu. Ningekuwa nimerekodi kwa njia ya kawaida, nota hiyo ingekuwa imepotea, au ningekuwa nimefuta jaribio zima kwa sababu yake.

Tuendelee na traki ya pili, ambayo ina sauti ya besi. Lupu ya kinanda inazunguka, kwa hiyo tempo ya faili imekwisha kujulikana na Capture haitaibadilisha. Napiga besi juu yake, nabonyeza, na klipu ya pili inaingia katika mzunguko ikiwa imepangwa sawia na ya kwanza. Narudi kwenye kinanda, naongeza nota mbili za juu wakati klipu yake ikiendelea kucheza, nabonyeza tena, na safari hii haijaundwa klipu mpya: nota hizo zimeongezwa ndani ya klipu ile ile. Kitufe ni kimoja, nacho kinatambua chenyewe kama unaanza jambo jipya au unaongeza juu ya lililopo.

Jambo hili linawezekana kwa urahisi kwa sababu MIDI si sauti. Ujumbe wa kuanzisha nota una baiti 3 tu, zinazoeleza chaneli, nota, na nguvu ya kidole kwa namba ya 0 hadi 127. Hata katika waya wa asili uliooneshwa mwaka 1983, unaopitisha biti 31,250 kwa sekunde, ujumbe huo hupita kwa muda unaopungua kidogo milisekunde moja. Kwa kompyuta ya leo, kuhifadhi kila unachopiga kwa dakika kadhaa ni mzigo mdogo mno. Faida yake jukwaani ni kwamba lupu hii bado ni laini mikononi mwangu. Naiteremsha tempo kutoka 96 hadi 88 na nota haziwi nzito. Naondoa kinanda cha umeme na kuweka ogani huku lupu ikizunguka. Nota moja iliyonikera naisogeza kwa kipanya hadi mahali pake. Mwenye lupu ya sauti hawezi kuitenga nota moja ndani ya mchanganyiko kwa wepesi huo.

Kuna mpaka mmoja ambao lazima muujue kabla ya kupanda jukwaani. Unapoanza na faili tupu, Capture hukisia tempo iliyo kati ya mapigo 80 na 160 kwa dakika. Ukipiga wimbo wa taratibu wenye mapigo 70, programu inaweza kuusoma kama 140, na kwa masikio tu hutagundua, kwa kuwa lupu yenyewe inazunguka vizuri kabisa. Utagundua utakapoanzisha klipu ya pili. Kwa kawaida Live huzichelewesha klipu hadi mwanzo wa kipimo kinachofuata, na sasa kipimo kinachohesabiwa na programu ni nusu ya kile unachokihesabu wewe, hivyo ngoma zako zinaweza kuingia katikati ya kipimo, mahali ambapo mpiga besi hakuzitarajia. Nyimbo za namna hiyo ziandikieni tempo mapema na muanze na metronomu, au na klipu ya ngoma iliyokwisha kutayarishwa, na mpaka huo hautawahusu tena.

Jambo jingine ni pedali ya kurefusha sauti, ambayo inawasumbua watumiaji wa lupu za MIDI katika programu yoyote ile. Pedali hutuma namba ya udhibiti 64, ambapo thamani ya 0 hadi 63 ina maana mguu umeinuliwa, na 64 hadi 127 ina maana umekanyaga. Sasa angalieni: nakanyaga katika kipimo cha mwisho, na nainua mguu baada ya lupu kufika mwisho. Ujumbe wa kukanyaga umo ndani ya lupu, ujumbe wa kuinua umebaki nje. Sikilizeni mzunguko wa pili, wa tatu, wa nne, jinsi sauti zinavyorundikana mpaka ogani inakuwa kelele tupu. Dawa ni kuinua mguu kabla ya pigo la mwisho, au kufungua klipu na kuufuta mchoro wa pedali. Niliwahi pia kutumia kibodi moja, ambayo siitaji jina, iliyoisoma pedali kinyumenyume kila nilipoiwasha huku mguu ukiwa juu ya pedali, na hapo sauti hurefuka unapoinua mguu na hukatika unapokanyaga. Wekeni mguu chini ya kiti wakati wa kuwasha.

Najua wapo watakaoniandikia kwamba wazo hili si la Ableton peke yao, na ni kweli. Cubase, programu nyingine ya kurekodi muziki, ilikuwa na uwezo wa kurejesha nota zilizopigwa bila kurekodiwa miaka mingi kabla ya 2018, na programu ya Logic Pro nayo ina amri yake ya namna hiyo. Tofauti ninayoiona ni kwamba kwingine uwezo huo ulijengwa kwa ajili ya mtu wa studio anayesema, laiti ningekuwa nimebonyeza kurekodi, ilhali hapa nota zilizorejeshwa zinageuka kuwa lupu inayocheza papo hapo. Wapenzi wa MPC, mashine za kupigia midundo kwa vidole, wana haki ya kutukumbusha kwamba tangu MPC60 ya mwaka 1988 walikuwa wakirundika nota juu ya mzunguko kwa mikono yao bila kompyuta mpakato mezani, nami siwabishii, ila mashine ile ilitaka useme mapema ni vipimo vingapi.

Hata hivyo, kadiri ninavyoendelea kukitumia kitufe hiki katika maonyesho, sifa zangu zinapungua makali kidogo. Programu inasikiliza kimyakimya, lakini hadhira nayo inasikiliza. Kutafutatafuta kule mlikokusikia mwanzoni kunavumilika katika video, na mbele ya watu waliokuja kucheza hakuvumiliki. Suluhisho ni kuipeleka traki inayotafutwa kwenye vipokea sauti vya masikioni pekee, na hilo linahitaji kadi ya sauti yenye njia nne za kutolea badala ya mbili, gharama ambayo haimo katika bei ya programu. Na kama mna mpiga ngoma wa kweli asiyefuata metronomu, lupu yenu itamwacha au yeye ataiacha. Toleo la 11, la mwaka 2021, lilileta uwezo wa tempo ya programu kufuata sauti inayoingia, na unasaidia pale ngoma zinapokuwa na mapigo ya wazi, lakini katika bendi kamili bado naona ni salama zaidi kurekodi lupu ya urefu uliopangwa mapema, vipimo 2 au 4, kwa kibonyezo kimoja. Capture namwachia anayepiga peke yake, na wakati wa mazoezi, ambapo naithamini kuliko chochote kingine kilichomo humu.

Kuhusu bei, usikimbilie toleo kubwa la Suite kwa ajili ya jambo hili. Toleo dogo la Lite, ambalo hutolewa bure pamoja na kibodi nyingi za MIDI, lina Capture ile ile, na traki zake 8 zinamtosha mtu mmoja mwenye mikono miwili. Mkinunua kibodi mpya, tafuteni iliyo na kitufe cha Capture juu yake, kwa sababu kuinama kushika kipanya katikati ya wimbo kunaharibu kila nilichokisifu. Push 3, kifaa cha Ableton wenyewe cha kuiendeshea Live, inacho, nayo ndiyo itakayokuwa mezani katika video ijayo, ambapo nitaijaribu ile yenye kompyuta ndani yake. Wenye maswali kuhusu pedali waniandikie chini ya video hii pamoja na jina la kibodi wanayotumia.