Fuawe ya kwanza: ipi ununue, ipi uiache dukani

Anayeanza uhunzi akienda kununua fuawe, kile chuma kizito cha kufulia juu yake, hutafuta umbo: pembe mbele, kisigino nyuma, kama kwenye picha. Nyundo haina habari na umbo. Inataka uzito uliokaa moja kwa moja chini yake, na uso mgumu unaoirudisha juu ili mkono usichoke mapema. Kwa nyundo ya kilo moja, ambayo inamtosha kabisa anayejifunza, kilo 20 zilizosimama wima na kufungwa imara zinafanya kazi nzuri kuliko watu wanavyodhani.

Nimejifunza kwa hasara. Fuawe yangu ya kwanza ilikuwa mpya, nyekundu, ya kilo 25, kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Wiki ya pili uso wake ulishajaa alama za nyundo, na kona moja ilimeguka kama biskuti. Ilikuwa chuma cha kusubu (cast iron), kile kile cha mfuniko wa chemba. Kwa hiyo siku hizi siendi kununua bila gololi ya beringi mfukoni. Simamisha rula juu ya uso wa fuawe, idondoshe gololi kutoka sentimita 25. Ikiruka hadi 20 au zaidi, uso ni mzuri. Ikifika 10 tu na mlio ukawa mfu, rudisha gololi mfukoni, shukuru, ondoka. Jaribu sehemu tatu au nne, maana uso unaweza kuwa mzuri katikati na mbovu pembeni.

Namba moja kwangu ni ekseli ya lori, ile ya ndani yenye flenji, yaani sahani nene ya duara mwishoni. Wauza vyuma chakavu wanayo, unalipia kilo, na ni chuma kilichotengenezwa kuvumilia mateso. Kata mti wake, ile fimbo nene ya chuma, ubaki kama nusu mita, uzamishe ndani ya kigogo kilichotobolewa, flenji ikae juu kama meza ndogo. Pigia katikati, pale ambapo mti uko chini yake. Ukipigia ukingoni inadunda na kupoteza nguvu. Kisu, patasi, kulabu, bawaba, vyote vinatoka hapo.

Ya pili ni reli. Wengi huilaza kama ilivyokaa njiani, halafu wanalalamika kwamba inatetema na kupiga kelele. Isimamishe. Reli ya kilo 40 kwa mita, ukiikata sentimita 60, ni kilo 24, na zote zinakuwa chini ya nyundo. Uso ni mdogo, lakini chuma unachokifua kwa wakati mmoja kinagusa eneo dogo vilevile. Ukingo wa kitako chake unaweza kuuchonga kwa grenda uwe wa kukunjia. Ila reli ni mali ya umma. Usichukue kipande kisicho na risiti wala maelezo ya kilikotoka, hata kwa bei ya kutupa. Kuna watu wanasafiri juu ya reli hizo.

Fuawe kuukuu ya Kiingereza nimeiweka ya tatu kwa sababu moja tu: kuipata. Kama zana, inazishinda zote. Zipo kwenye karakana za zamani na misheni. Ukiona ubavuni nambari 1 2 10, usidhani ni kilo. Ya kwanza inahesabu ratili 112, ya pili ratili 28, ya tatu ni ratili zilizobaki: 112, na 56, na 10, jumla 178, karibu kilo 81. Kona zilizomeguka zisikutishe, na bonde dogo katikati halina neno. Cha kuogopa ni bamba la juu lililoachana na mwili. Gonga kwa nyundo ndogo uso mzima. Panapotoa sauti ya kukwaruza au kuziba, hapo limeachia. Na tafadhali, ukishainunua usimpe fundi aisawazishe kwa mashine. Ule uso mgumu una unene wa sentimita moja hivi, ukiukwangua umeumaliza.

Fuawe mpya ya chuma cha pua (steel), si cha kusubu, ni nzuri kama mfuko unaruhusu, lakini bado ipime kwa gololi. Asiye na hela kabisa achukue kichwa cha nyundo kubwa ya kilo 7 au 8, akizamishe kwenye gogo, aanze nacho kesho.

Kimo kinasahaulika sana. Simama wima, kunja ngumi, ning'iniza mkono. Uso wa fuawe ufike kwenye vifundo vya vidole. Ikiwa chini, mgongo utauma kabla chuma hakijapoa. Kigogo kiwe cha mti mgumu, kikatwe sawa chini, na fuawe ifungwe kwa mnyororo au misumari mirefu hadi isicheze hata kidogo. Miwani vaa tangu pigo la kwanza.