Uzoefu wangu na Seismic Unix katika kuondoa mwangwi unaojirudia

Kwa data ya mitetemo iliyochukuliwa kwenye maji mafupi kama Ghuba ya Winam ya Ziwa Viktoria, Kenya, programu ninayoipendekeza kwanza ni Seismic Unix ya Colorado School of Mines. Ni ya bure na laptopu ya kawaida yenye Linux inatosha. Haina vitufe: kila amri unaiandika kwenye terminali, na ukiandika jina lake tupu inakutolea maelezo yake yote. Wakati wa kusakinisha, tangulia kuweka CWPROOT, yaani jina linaloonyesha folda ya programu, la sivyo haijengeki.

Kero ya Winam ni maltipo, yaani mwangwi unaojirudia. Sauti hugonga sakafu ya ziwa, hupanda hadi usoni, hurudishwa chini tena, na kila mzunguko huchora sakafu ya uongo chini ya ile ya kweli. Penye kina cha mita 15, sauti ikienda mita 1500 kwa sekunde, mzunguko mmoja ni sekunde 0.020. Penye mita 6 ni 0.008, na hapo tabaka za tope hufunikwa kabisa.

Ingiza faili kwa segyread, ipitishe segyclean, kisha kagua dt, yaani muda kati ya sampuli moja na nyingine, kwa surange. Thamani hiyo ni ya maikrosekunde na haipokei desimali, kwa hiyo kinasa kinachochukua sampuli kila maikrosekunde 62.5 huandika namba isiyo sahihi na nyakati zote huteleza.

Muda wa mzunguko usiubahatishe. Endesha suacor, inayolinganisha rekodi na yenyewe, na utazame picha: maltipo ya kwanza hutokea kama mstari hasi, kwa sababu uso wa maji hugeuza alama ya wimbi. Mstari ukikaa kwenye 0.020, ninaandika supef minlag=0.018 maxlag=0.024 pnoise=0.001. Supef ni kichujio kinachobashiri mwangwi unaojirudia na kuutoa; minlag na maxlag ni mwanzo na mwisho wa muda wa kutafutia, kwa sekunde. Ukiacha minlag bila kuiandika, programu hutumia dt, na matokeo yake ni kelele za masafa ya juu kufumuka picha nzima. Kina kikibadilika njiani, kata mstari wa upimaji vipande, kila kipande na kipimo chake.

AGC, yaani usawazishaji wa nguvu ya ishara, isitangulie supef hata kidogo. Hesabu inategemea uwiano wa nguvu kati ya mwangwi wa kwanza na wa pili, na AGC huufuta. Vilevile kama mwangwi wa sakafu ulizidi uwezo wa kinasa ukakatwa kileleni, hakuna amri itakayouokoa. Data ya asubuhi husafishika vizuri zaidi. Upepo wa ziwani ukiamka alasiri na mawimbi yakapanda, mwangwi hupoteza mpangilio.

Halafu, na hili nalisisitiza, tazama kilichoondolewa: suop2 kabla.su baada.su op=diff. Maltipo ya kwanza ya sakafu huinama mara mbili ya sakafu yenyewe. Ukiona kwenye tofauti hiyo mstari wenye mwinamo wake mwingine, umefuta tabaka halisi. Sogeza minlag na maxlag urudie.

Data ya chaneli moja, yaani ya kipokezi kimoja, inaishia hapo. Kwa jiofoni (vipokea mitetemo) nyingi za nchi kavu, tambarare ya Kano karibu na Kisumu kwa mfano, kuna suradon, inayotenganisha mwangwi kwa mwendo wake: panga kwa susort cdp offset (nukta ya chini ya ardhi, kisha umbali wa kipokezi), nyoosha kwa sunmo, kisha endesha suradon yenye choose=1, inayotoa data bila maltipo. Hufanya kazi pale maltipo yanapokuwa na mwendo wa polepole kuliko mwangwi halisi wa wakati uleule. Penye mwamba mgumu wa volkano juu ya mashapo laini, mwendo unapungua kadiri unavyoshuka, na suradon inaweza kubeba tabaka la kweli ikaacha la uongo. Penye hali hiyo mimi hubaki na supef pekee.