Katriji za kujaza wino zenye chipu ya kujiriseti: uzoefu wangu, na zinapogoma uanzie wapi

Natumia hizi katriji za kujaza mwenyewe kwenye steshenari yangu, kazi zangu ni zile zile za mtaani, sivii, barua, mitihani ya majaribio ya shule, mara moja moja picha za pasipoti, na kwa kifupi nazikubali. Ila kama unanunua ukidhani ni kuchomeka na kusahau utazitupa mapema tu, na wanaozitupa nawaona kila siku. Kikigoma kitu chochote mtu anasema chipu mbovu, anaenda kwa fundi naye anamwambia chipu mbovu, ananunua seti nyingine, inagoma vile vile. Mimi ninavyoona lawama nyingi za chipu ni za hewa.

Printa yangu ni ya katriji nne, kila rangi na ya kwake, na hedi (kile kichwa kinachorusha wino kwenye karatasi) inakaa ndani ya printa yenyewe, siyo zile ambazo hedi iko kwenye katriji. Seti niliyonunua ni ya plastiki angavu, ukiinua kwenye mwanga unaona wino umefika wapi, juu kuna matundu mawili, kubwa la kujazia lenye kizibo cha mpira na dogo la kupumulia ambalo nalo limekuja limezibwa. Karatasi ya maelekezo hamna, na muuzaji maelezo yake yote yalikuwa "we jaza tu bosi, inajiseti yenyewe".

Sasa hiyo chipu wadau haipimi wino, inahesabu tu. Printa inakadiria matone iliyorusha pamoja na wino unaoondoka kwenye hedi klining (ile ya printa kusafisha hedi kwa kupitisha wino), inaandika kwenye chipu, hesabu ikifika mwisho inakwambia wino umeisha hata kama katriji imejaa mpaka shingoni. Chipu ya kujiriseti kazi yake ni kuidanganya printa, hesabu ikifika sifuri ukiitoa na kuirudisha (nyingine mpaka uzime printa uwashe tena) inajitangaza imejaa. Na hapo hapo ndipo hatari ilipo, maana kompyuta inakuonyesha nyeusi imejaa wakati ndani limebaki tope la chini, ukiendelea kuprinti hedi inavuta hewa, na kwa zile printa zinazorusha wino kwa joto kama nyingi za Canon na HP hedi ikifanya kazi kavu inaungua. Kwa hiyo ile michoro ya rangi kwenye skrini mimi siitazami kabisa, natazama katriji yenyewe, ikibaki kama robo najaza. Halafu zangu zinajiriseti pale tu printa inaposema imeisha, ukiitoa katikati hesabu inabaki ilipokuwa, wengine wanadhani huo ni ubovu kumbe ndivyo zilivyotengenezwa.

Turudi kwenye hewa. Dalili yake ilivyokuwa kwangu: karatasi ya kwanza safi, ya pili safi, zinazofuata bluu inaanza kufifia kuelekea chini, ikifika mwisho nembo ya shule ya bluu haionekani vizuri. Ukiiacha ipumzike ukirudi inaprinti vizuri kabisa halafu inafifia tena. Chipu haifanyi hivyo, chipu ikigoma printa inakataa kazi nzima na kuwasha taa, haikupi nusu karatasi. Nikaitoa ile bluu nikavuta mpira wa tundu kubwa, ikalia fyuu, imevuta hewa kwa nguvu, na ule wino uliokuwa umeng'ang'ania upande mmoja ukashuka palepale. Kumbe tundu dogo nimelifungua vizuri ila kile kijia chembamba cha hewa kilichozunguka ndani kilikuwa kimeziba kwa wino ulioganda. Ni kama kopo la maziwa, ukitoboa tundu moja hayatoki, mpaka utoboe la pili. Nikasukuma hewa kwa sirinji isiyo na sindano mpaka kikazibuka, na ile bluu haijanisumbua tena.

Kinyume chake pia kipo, tundu dogo wazi lakini kizibo kikubwa hakijabana, hapo wino unadondoka wenyewe chini, unachafua hedi na njano inaanza kutoka kijani. Kabla sijarudisha katriji naishika juu ya tishu, ikidondosha mfululizo hairudi kwenye printa mpaka mpira ukae sawa. Na katriji mpya kabisa ukishaijaza vuta hewa kwa sirinji kwenye mdomo wa chini mpaka wino uonekane, usiiachie printa ndiyo ivute. Sirinji moja kwa rangi moja jamani.

Ikitokea chipu kweli haisomeki, futa kile kibati chake kwa pamba yenye spiriti, hakikisha kimekaa sawa hakijapinda, na angalia kila rangi iko kwenye kiti chake maana chipu ya njano ukiiweka kwa nyeusi inakataliwa. La pili, namba ya katriji. Epson kwa mfano wanagawa katriji kwa maeneo ya dunia, na huku kwetu printa nyingi ni used za Ulaya, sasa ukinunua seti ya modeli inayofanana ila chipu ni ya eneo lingine, utafuta hicho kibati mpaka kiishe. La tatu, zima apdeti za programu ya printa. Septemba 2016 printa kibao za HP OfficeJet zilianza kukataa katriji zenye chipu zisizo zao, kelele zikawa nyingi mpaka kampuni ikaomba radhi na kutoa programu ya kuondoa hicho kizuizi. Kama katriji zilikuwa zinafanya kazi jana na leo zote nne zimekataliwa kwa mpigo, anza kushuku apdeti, haiwezekani chipu nne zife usiku mmoja.

Hedi klining msiifanye ndiyo dawa ya kila kitu. Inakula wino wa rangi zote, na huo wino unaenda kwenye sponji chini ya printa ambayo ina kaunta yake peke yake, chipu ya katriji haiirisetii hiyo. Sponji ikihesabiwa imejaa printa inalala, unaanza habari nyingine na mafundi wa programu.

Kuhusu wino, uliza kama ni wa pigmenti (chembe za rangi zisizoyeyuka) au wa dai (rangi iliyoyeyuka) na usichanganye, vikikutana vinaweza kuganda na kuziba nozo, yaani vile vitundu vidogo vya hedi. Wa dai ni mzuri kwenye picha ila mteja akinyeshewa na sivii yake ndiyo basi tena, kwa hiyo nyeusi yangu ni pigmenti.

Mwisho, kabla hujalipa muulize muuzaji kama anauza chipu mojamoja. Katriji yenyewe ni plastiki, inadumu, ila chipu ya rangi moja ikifa printa inasimamisha zote hata kama ulitaka kuprinti nyeusi tupu. Muuzaji wangu anauza seti nzima tu, ndiyo maana nyota moja nimempunguzia.