Tahadhari: muuzaji wa jezi, glavu na magongo ya kale ya besiboli anayetulenga sisi wazungumzaji wa Kiswahili Marekani

Ninaandika tahadhari hii kwa wote wanaokusanya vifaa na mavazi ya kale ya besiboli, hasa ndugu zetu tunaoishi Marekani na Kanada. Kuna muuzaji anayepita katika makundi yetu ya WhatsApp akiuza jezi, glavu, magongo na mipira anayodai kuwa ina umri wa miaka 80 na zaidi, na karibu kila kitu chake nilichokishika mwenyewe au kuoneshwa kwa picha na wenzangu kimeghushiwa au kimepewa umri usio wake. Mimi nimepoteza dola 2,300. Jina analotumia sitaliandika, kwa kuwa amekwisha kulibadilisha mara mbili na malalamiko yangu yamefika kwenye vyombo husika. Nitaeleza mbinu zake, kwa sababu hizo hajazibadilisha, na nitaeleza kwa urefu dalili nilizozikuta kwenye vitu vyenyewe ili asipate mwingine wa kumfanyia hivi.

Huanza kwa salamu. Kwangu alianza na shikamoo, akaniita baba, akauliza hali ya nyumbani, na siku ya pili ndipo alipogusia kwamba ana masanduku manne ya vifaa vya besiboli asivyojua thamani yake. Alisema kuwa alimhudumia mzee mmoja kwa miaka mitatu, kwamba mzee huyo alikuwa mchezaji ujanani, na kwamba baada ya kufariki watoto wake walimwambia achukue vilivyokuwa chumba cha chini ya nyumba. Maelezo haya yanatuingia kwa urahisi kwa sababu wengi wetu tumefanya au tunafanya kazi ya kuhudumia wazee, na tunajua kwamba familia nyingine huwa na moyo wa kutoa. Kofia yangu ya sufu ya miaka ya 1930, ambayo ndiyo kitu cha kwanza nilichokitundika ukutani, nilipewa na mjane wa mzee niliyemhudumia mimi mwenyewe. Kwa hiyo sikumuuliza kijana huyu maswali ambayo ningemuuliza muuzaji mwingine yeyote, na ninaamini alilijua hilo kabla hajanisalimu.

Kitu alichoniuzia kwa bei kubwa zaidi, dola 1,400, ni jezi aliyosema ni ya Kansas City Monarchs, timu ya ligi za wachezaji weusi, ya mwaka 1945. Ninaishi Kansas City. Ni katika mji huu, kwenye jengo la YMCA la barabara ya Paseo, ndipo Rube Foster, mmiliki wa timu ya weusi, na wamiliki wenzake walipounda Negro National League, ligi ya wachezaji weusi, mwezi Februari 1920, wakati ambapo wachezaji weusi hawakuruhusiwa katika ligi kuu. Ni kwa Monarchs pia Jackie Robinson alikocheza mwaka 1945, miaka miwili kabla ya kuvunja mwiko huo kwa kuingia uwanjani na Brooklyn Dodgers, timu ya ligi kuu. Nimekwenda mara nyingi kwenye jumba la makumbusho la ligi hizo pale mtaa wa 18 na Vine, nimewapeleka wanangu, na nilitamani kuwa na kitambaa kimoja tu cha historia ile nyumbani kwangu. Muuzaji aliyajua hayo kwa sababu nilikuwa nimeyaandika katika kundi.

Jezi halisi za ligi za weusi ni adimu mno, maana timu hazikuwa na fedha za kutupa nguo. Jezi ilivaliwa ikashonwa, ikavaliwa tena, mara nyingine ikapewa timu ndogo hadi ikaisha. Kwa dola 1,400 haipatikani, na bei hiyo pekee ilipaswa kunizuia. Zipo hata hivyo nakala nzuri zinazoshonwa leo kwa kitambaa cha sufu kama cha zamani na kuuzwa kihalali kama nakala, zikiwa na lebo ya mshonaji wa sasa. Hiyo ndiyo niliyouziwa, baada ya kuharibiwa kwa makusudi ionekane kongwe.

Niligundua nilipokuwa nikiitayarisha kwa ajili ya kuitundika. Huwa siweki nguo ya sufu ndani ya sanduku la kioo kabla ya kuikagua mshono kwa mshono, kwa kuhofia mayai ya nondo. Jezi ilikuwa ya rangi ya manjano ya kizee, ila manjano ile ilikuwa sawasawa kila mahali. Nguo iliyokaa miongo mingi hubadilika rangi pale inapopata mwanga na jasho, na ukifunua pindo au sehemu ya ndani ya mshono hukuta rangi ya awali imehifadhika kidogo. Hapa nilifunua pindo nikakuta rangi ileile, na nilipoikaribisha puani ilinuka chai. Ilikuwa imelowekwa. Matundu yaliyodaiwa kuwa ya nondo yalikuwa na kingo zilizonyooka kama za mkasi, ilhali kiwavi wa nondo hula kwa kuchakura, huku akikondesha uzi na kule akitoboa kabisa. Ndani ya kola kulikuwa na lebo ya zamani kweli, iliyobanduliwa kwenye vazi jingine, na pembeni yake mstari wa vitundu vidogo vya sindano unaofuata umbo la lebo kubwa zaidi iliyong'olewa. Vitundu hivyo ninaviona mpaka leo nikifumba macho.

Kisha nikazima taa na kumulika kwa tochi ya urujuanimno (UV), ambayo ni ya bei nafuu na kila mkusanyaji anapaswa kuwa nayo. Nyuzi za mishono yote ziliwaka samawati kali. Hapa niseme kwa uangalifu, kwa sababu nimewaona watu wakikitupa kitu kizuri kwa kuitegemea tochi peke yake: kemikali za kung'arisha nguo, ambazo ndizo huwaka chini ya mwanga huu, zilienea baada ya Vita Kuu ya Pili, lakini zimo pia katika sabuni za kufulia, kwa hiyo jezi ya kale iliyofuliwa na mjukuu kwa sabuni ya leo inaweza kuwaka. Ndiyo maana nilichomoa uzi kidogo kutoka ndani ya mshono na kuuchoma kwenye kisahani. Sufu huungua ikinuka nywele na kuacha majivu yanayosagika. Pamba huungua kama karatasi. Uzi wangu uliyeyuka ukawa punje ngumu nyeusi, yaani poliesta, ambayo haikuwa kwenye cherehani ya mshona jezi yeyote mwaka 1945. Mshono mmoja wa poliesta ungeweza kuwa kiraka cha baadaye. Mishono yote, pamoja na ile iliyoshikilia herufi za kifuani na lebo ya kola, haiwezi.

Baadaye alimtumia mwenzetu mmoja picha za jezi aliyosema ni ya mwaka 1915, yenye namba kubwa mgongoni. New York Yankees walianza kuvaa namba mgongoni kama desturi mwaka 1929, na timu nyingine zikafuata. Majina ya wachezaji yalikuja baadaye zaidi, kwa Chicago White Sox mwaka 1960, na kitambaa cha sufu kilianza kuachwa mwaka 1970 pale Pittsburgh Pirates walipovaa jezi za kitambaa cha kisasa kinachovutika. Tarehe hizi tatu zikiwa kichwani, jezi nyingi za uongo unazikataa ukiwa bado unatazama picha.

Gongo nililonunua lilinidhuru zaidi ya hasara ya fedha. Alisema ni la mwaka 1908. Juu yake palikuwa na muhuri wa Hillerich & Bradsby, watengenezaji wa Louisville Slugger, nami katika furaha yangu nikaona jina kubwa nisitazame mwaka. Frank Bradsby alijiunga na kampuni mwaka 1911, na jina lake liliingia kwenye jina la kampuni mwaka 1916. Kabla ya hapo magongo yao yaliandikwa J.F. Hillerich & Son. Gongo langu basi haliwezi kuwa la 1908 kwa namna yoyote. Ni gongo halisi, pengine la miaka ya 1950, lenye thamani yake ndogo ya haki, ambalo mtu amelipaka rangi ya viatu ya kahawia ili lifanane na mti uliokauka kwa karne nzima.

Nililitundika kwenye vishikio vya mbao juu ya ile kofia niliyopewa na yule mama mjane. Wakati wa joto la Julai rangi ya viatu ililainika ikadondoka. Nilipoingia chumbani asubuhi nilikuta kofia ina doa la kahawia lenye upana wa vidole viwili, kuanzia kwenye kitufe cha juu hadi karibu na ukingo wa mbele. Mtaalamu wa kuhifadhi vitambaa ameniambia kwamba sufu imekwisha kulinyonya na kwamba kulisafisha kutaharibu zaidi. Fedha zangu huenda zikarudi siku moja, lakini kofia ile haitarudi ilivyokuwa, na mwenyewe aliyenipa alikuwa ameihifadhi ndani ya karatasi laini tangu mumewe alipoacha kucheza. Tafadhali, gongo lolote linalofika nyumbani kwako lisugue kwanza kwa kitambaa cheupe cha pamba kwenye sehemu isiyoonekana, na kama kitambaa kinatoka na rangi usilitundike juu ya kitu kingine chochote.

Glavu aliiita ya miaka ya 1890, kwa sababu haina wavu kati ya kidole gumba na cha shahada. Ni kweli kwamba glavu za wakati ule hazikuwa na wavu wa kamba nyingi; ule ulikuja na glavu ya Bill Doak iliyotengenezwa na Rawlings mwanzoni mwa miaka ya 1920. Lakini glavu ambayo haikuwahi kuwa na wavu haiwi na matundu ya kamba. Hii ilikuwa nayo, manne kila upande, yamezibwa kwa nta iliyochanganywa na vumbi la ngozi, na uligusa kwa kucha tu ikatoka. Mtu alichukua glavu ya miaka ya 1930 iliyokuwa nzima, akaikata wavu wake ili kuiongezea miaka 40 ya uongo. Ukipewa glavu ya aina hii, pitisha kidole taratibu kwenye ukingo wa ndani wa gumba, na omba picha ya sehemu hiyo kabla ya kulipa. Mimi niliomba, akanitumia picha yenye ukungu na kusema simu yake imeanguka.

Kuhusu mipira sina mengi, ila moja linatosha. Ndugu yetu Mkongomani aishiye Ohio aliuziwa naye mpira wenye saini ya Babe Ruth, mchezaji mashuhuri wa zamani. Mpira ule una muhuri wa Joe Cronin akiwa rais wa American League, mojawapo ya ligi mbili kuu. Babe Ruth alifariki tarehe 16 Agosti 1948, na Cronin alishika urais wa ligi hiyo kuanzia mwaka 1959. Ulikuja na cheti cha uthibitisho chenye kibandiko kinachong'aa, nacho ndicho kilichomfanya ndugu yetu asiusome mpira wenyewe. Vyeti vya namna hii si kitu kipya: mwishoni mwa miaka ya 1990 FBI, katika upelelezi ulioitwa Operation Bullpen ulioanzia San Diego, walikamata mtandao wa waghushi wa saini za wanamichezo ambao vyeti navyo vilikuwa sehemu ya biashara yao.

Kuhusu malipo, muuzaji huyu hukubali njia mbili tu: Zelle, huduma ya kutumiana fedha kati ya akaunti za benki, ambako fedha zikishaondoka ni shida kuzirudisha, au PayPal kwa njia ya kutumiana ndugu na marafiki, ambayo haimo katika ulinzi wa mnunuzi. Ukimwomba ulipe kama mnunuzi wa kawaida, au kwa kadi ya mkopo, hulalamika kwamba humwamini ndugu yako. Maneno hayo aliniambia mimi, nikaona aibu, nikatuma. Usione aibu. Anayelipa kwa kadi ya mkopo ana haki kisheria ya kupinga malipo kwa maandishi ndani ya siku 60 tangu alipotumiwa taarifa ya deni lenye malipo hayo, na muuzaji mwenye kitu halisi hana sababu ya kuikwepa haki hiyo.

Kama umekwisha kununua kwake, usimrudishie kitu kabla fedha hazijarudi, kwani wawili kati yetu walirudisha na sasa hawana kitu wala ushahidi. Hifadhi boksi lenye muhuri wa posta, maana kutuma bidhaa ya udanganyifu kwa njia ya posta ni kosa la shirikisho linaloshughulikiwa na wakaguzi wa posta wenyewe. Piga picha za mazungumzo yote yakionesha tarehe, kisha wasilisha malalamiko kwa wakaguzi hao, kwa Tume ya Biashara ya Shirikisho, na kwa kitengo cha FBI cha uhalifu wa mtandaoni. Fomu zote zinajazwa bure.

Tumekwisha kuwa watu watano tuliolinganisha picha. Lebo iliyoshonwa kwenye kola ya jezi yangu ina mkunjo kwenye kona ya kulia na doa dogo la kutu, na lebo hiyohiyo, yenye mkunjo uleule na doa lilelile, inaonekana kwenye picha ya jezi nyingine aliyoitangaza wiki mbili kabla ya kuniuzia mimi. Yeyote aliyetumiwa picha ya ndani ya kola na muuzaji huyu naomba aitafute na kunitumia, hata kama hakununua.